Mjukuu Aliyenisemea

Daftari hili nilipewa na Madamu, mwalimu wa mjukuu wangu. Aliniwekea mapajani akasema, "Jjajja, yaandike kabla hujayasahau." Nikamjibu kwamba kuyasahau siwezi, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Akasema basi niyaandike hivyo hivyo. Hapa Kampala mtu akishaota mvi anaitwa Jjajja, bibi wa kila mtu, hata wa watu asiowajua. Kwetu sisi Wanubi bibi ni Haboba, na sasa duniani amebaki mtu mmoja tu wa kuniita hivyo.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule nilisoma miaka mitatu, huko Bombo. Mama akajifungua mapacha, nikaitwa nyumbani kuwabeba, basi. Kiswahili hiki nilikipata kambini, maana mume wangu alikuwa askari, na pale kila mke alikuja na lugha ya kwao, tukakutana wote kwenye Kiswahili kwenye foleni ya maji. Mume alipofariki nilipanga nyumba hapa chini ya kilima cha Mbuya, karibu na kambi niliyoizoea, na hapa ndipo nilipo. Tena mimi ni mkali. Nalisema mapema asije mtu akadhani najifanya mwema kwa sababu nimeshika kalamu.

Mjukuu wangu aliletwa kwangu akiwa na miaka saba, siku ya tatu baada ya mazishi ya mama yake. Mama yake alikuwa binti yangu, wa pekee niliyemzaa. Mtoto alikuja na mfuko mmoja wa nguo na viatu vya shule vilivyombana. Nikamwonyesha pa kulala, nikamwonyesha ndoo, nikamwambia sheria za nyumba. Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo sikumsikia akisema zaidi ya ndiyo, hapana, na asante Haboba.

Niseme kweli, ukimya wake niliupenda. Wageni walikuwa wakija, yeye anapiga magoti kuwaamkia, macho chini, analeta chai ya tangawizi, anarudi nyuma bila kuwapa mgongo. Wanawake wenzangu wakasema, "Hajati, huyu umemlea." Mimi Maka sijafika, wananiita Hajati kwa sababu ya shungi na umri tu, lakini siku hizo nilivimba kama niliyefika mara mbili. Nilidhani nina mtoto mwenye adabu. Sikujua nina mtoto aliyejifungia ndani yake na kukaa na ufunguo.

Shule ndiyo iliyonishtua. Alikuwa amerudia darasa la sita. Mwaka ulipofika katikati nikaitwa, nikavaa gurbaba yangu ya kutokea, ile nguo yetu ya Kinubi, nikaifunga kiunoni vizuri, nikajua naenda kuambiwa niruhusu mtoto achapwe. Jibu langu nilikuwa nalo tayari: chapeni.

Mwalimu niliyemkuta alikuwa binti mdogo, mwembamba, na nywele amezikata kama mvulana. Alikulia kwenye nyumba za polisi, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kinatembea, ingawa aliniambia "kalibu Jjajja, kaa" na mimi nikakaa. Akafungua karatasi ya mtihani mezani.

"Maswali hamsini," akasema. "Mjukuu wako amejibu saba."

"Basi hana akili. Nyumbani iko kazi ya mikono. Mikono yake ni mizuri. Mtoeni, nitamfundisha kusuka."

"Jjajja, tazama. Hizo saba, zote amepata."

Nikatazama kana kwamba najua kusoma Kiingereza.

"Nilimuuliza kwa nini ameacha mengine wazi," Madamu akaendelea. "Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua peni akaandika pembeni, hapa: sikuwa na uhakika." Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Nyumbani akikosea kitu, huwa inakuwaje?"

"Anafumua," nikasema. "Ikiwa hafumui yeye, nafumua mimi."

Ikabidi nimweleze, maana Waganda mkeka wanaujua lakini tabaga hawaijui. Tabaga ni sinia la kusukwa, la kufunikia chakula, nyekundu na kijani na zambarau. Kwetu msichana haolewi bila kuwa nazo ukutani. Unaanza katikati na kitu kidogo kama kifungo cha shati, unazungusha ukindu uliotiwa rangi, unazungusha, mpaka linakuwa pana kama mikono ya mtu aliyekukumbatia. Ukikosea rangi kwenye mzunguko mmoja, ua zima linapinda. Kwa hiyo nyanya yangu alinifundisha hivi, na mimi nikafundisha hivyo: kosa likionekana, lete kiwembe, kata, fumua mpaka ulipokosea, na ufumue mbele ya wanawake waliokaa, ili aibu ikufundishe kile ambacho mkono haujajua. Ukindu uliofumuliwa haurudi kuwa kama mwanzo. Unakatika-katika. Hilo pia tulilijua, na tuliendelea.

Madamu alisikiliza mpaka mwisho. Nilimngojea anilaumu nimjibu. Hakunilaumu. Akasema, "Mkuu wa shule ameniambia asipofaulu mwaka huu aondoke, maana darasa la saba hawataki mtoto wa kuwaangushia matokeo. Nina miezi minne. Jjajja, njoo siku za Ijumaa mchana, baada ya swala, uwafundishe watoto hii tabaga yako."

"Mimi? Luganda nakisikia tu, kukisema ulimi unakuwa jiwe. Na Kiingereza ndiyo usiniulize."

"Mjukuu wako atakusemea."

Nikacheka. "Huyo? Huyo hata chumvi hawezi kuomba."

"Ndiyo maana," akasema.

Ijumaa ya kwanza nilikuja na fungu la ukindu kichwani. Watoto walijaa mpaka wengine wamekaa madirishani. Madamu akamwita mjukuu wangu mbele. Akaja, akapiga magoti pembeni yangu kama nyumbani. Madamu akamwambia, "Hapa mwenye kusema anasimama." Akasimama, anaangalia vidole vya miguu.

Nikasema, "Waambie huu ni ukindu. Waambie kwanza unalowekwa." Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbu. Watoto wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. Nikamwambia, "Pandisha sauti, hujaibiwa." Ikapanda kidogo. Tukaenda hivyo, mimi nasema Kiswahili, yeye analeta Luganda, mbu wake akikua anakuwa nyuki.

Mbele pale alikaa msichana mmoja mnene, mwenye meno yaliyoachana, ambaye kazi yake ilikuwa imevurugika kupita kiasi. Nilichukua kile alichosuka, nikakiinua juu kila mtu akione, ndivyo nilivyozoea. Nikamwambia mjukuu wangu, "Mwambie huyu, hata kuku angeparua akatoa kitu kizuri kuliko hiki."

Mjukuu wangu akamtazama mwenzake. Darasa zima likamngojea. Yule msichana mnene alianza kuvuta midomo kama anayetaka kulia. Ndipo mjukuu wangu akasema kwa Luganda, kwa sauti iliyofika mpaka madirishani, "Jjajja anasema umeanza vizuri. Hapa tu ndipo ukaze kidogo, urudie mzunguko mmoja."

Nilisema kwamba Luganda nakisikia. Neno kwa neno nilikisikia. Nikageuka nikamtazama, naye akanitazama, akijua kwamba nimejua. Miaka mitano alikuwa nyumbani kwangu na hiyo ilikuwa mara ya kwanza macho yake kukaa juu ya yangu bila kukimbia. Ningeweza kumwaibisha pale pale. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshaanza kunyooka. Kilichonizuia ni sauti. Alipoipandisha vile haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake, ile sauti ya binti yangu akiwa mdogo, kabla hajajifunza kunong'ona akiwa na mimi.

Nikampa yule msichana mnene kazi yake, nikasema, "Haya, azungushe."

Njiani tukirudi nilimwacha atembee mbele. Tulipofika kwenye mfereji nikamuuliza, "Wewe, nilikutuma useme nini kule?"

"Ulichosema, Haboba."

"Mimi nilisema kuku."

Akatembea hatua kumi hivi. Kisha akajibu bila kugeuka, "Kuku kwa Luganda nilisahau."

Mtoto aliyezaliwa Kampala asahau kusema enkoko! Nilijikaza mpaka nikafika jikoni, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu machozi yakaendelea kutoka hata baada ya kicheko kuisha, na sikuelewa ni ya nini.

Kila Ijumaa tukaenda. Nikaona namna Madamu anavyofundisha. Penseli na ufutio alivikataza. Mtoto anaandika kwa peni, na akikosea anapiga mstari mmoja juu ya kosa, anaendelea mbele, na kosa linabaki pale linaonekana. Nilimwambia huo ni uchafu. Akaniambia, "Jjajja, mimi nataka nione walikopita." Mtoto akijibu vibaya anamuuliza, umefikaje hapo? Naye mtoto anaeleza, na akieleza anajigundua mwenyewe. Mjukuu wangu mwanzo alikuwa akigusa karatasi kama anagusa moto. Baadaye akaandika nusu. Mwisho wa mwaka Madamu alikuja nyumbani kwangu mbio, karatasi mkononi, anatabasamu kama ameleta posa.

"Jjajja! Amekosea kumi na tisa!"

Nikamwambia mjukuu wangu amletee huyu maji, amechanganyikiwa.

"Husikii? Amejibu yote! Kumi na tisa amekosea, zilizobaki zote amepata! Anaingia darasa la saba!"

Siku ile tulikula wali, na nilimwalika Madamu akae nasi mkekani.

Ningependa kusimama hapa, na mtu mwenye busara angesimama. Lakini Madamu alisema niandike yote.

Lazima nieleze habari ya binti yangu. Alipokuwa msichana alipata mimba kwa polisi mmoja kutoka kaskazini, Mkristo, kabla ya nikahi yoyote. Mimi na mume wangu tulikuwa watu wa kutazamwa katika jamaa yetu. Niliposikia, niliwaita wanawake nyumbani, shangazi zake, majirani, nikamkalisha katikati na nikamsema. Nilimsema mpaka jua likahama ukuta mmoja likaenda mwingine. Nilimfumua. Sina neno lingine. Nilidhani namrudisha mpaka pale alipokosea ili aanze upya. Yule polisi akahamishwa na hakurudi, na binti yangu akaenda kupanga chumba Nateete, upande wa pili wa mji, akawa anakaanga mihogo na samaki pale stendi ya taksi. Alikuja kwangu siku za Idi na mtoto wake, akikaa karibu na mlango. Alikuwa na heshima sana. Nikajisifu kwamba somo limeingia.

Sasa. Mwaka wa darasa la saba, muhula wa kwanza, Madamu aliwapa watoto insha: andika juu ya kitu ulichokibeba muda mrefu. Wengi waliandika juu ya madumu ya maji. Mjukuu wangu aliandika kurasa tatu. Madamu alizisoma, hakuzitia alama, akamrudishia akisema, "Hii mimi siwezi kuisahihisha. Kama unataka, msomee yule inayemhusu."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa uani, nimeinamia beseni, natoa ukindu kwenye rangi nyekundu. Akaja na daftari, akasimama. Hakupiga magoti.

"Haboba, nataka kukusomea kitu."

"Soma. Masikio hayana rangi."

Insha ilikuwa ya Kiingereza. Akawa anasoma kimoyomoyo kwanza, kisha ananiletea Kiswahili, sentensi moja moja, kama kule darasani.

Alisema: Nilipokuwa na miaka sita, mama yangu alinionyesha uvimbe kwenye ziwa lake, wakati ananiogesha. Ulikuwa kama mbegu ya parachichi. Nikamuuliza unauma, akasema hapana. Baadaye ulianza kuuma. Akaniambia usimwambie Haboba, atanigombeza, atasema nimejitakia. Nitamwambia mwenyewe siku akiwa na moyo mzuri.

Mikono yangu ilikuwa majini. Niliiacha humo.

Alisema: Tulikwenda kwa Haboba siku ya Idi. Mara tatu nilifungua mdomo niseme. Haboba akaniuliza, mbona mama yako amekonda hivi? Nikasema, anafunga.

Hapo niliikumbuka siku yenyewe. Nilikumbuka hata pilau. Nilimwona binti yangu shingo imekuwa nyembamba, mifupa imetoka hapa mabegani, na mtoto akaniambia anafunga, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikadhani anafunga siku za sunna, za hiari. Nikawaambia wanawake waliokuja kunipa mkono wa Idi, mwanangu siku hizi ni mtu wa ibada, mtazameni alivyokuwa mwepesi. Wakampongeza. Naye akatabasamu, akavuta shungi kifuani. Nani mwingine angetazama maradhi akaona ibada? Mtu aliyekuwa na njaa ya kusifiwa kuliko kumwona mtoto wake. Alipopelekwa hospitali, daktari aliuliza kwa nini amechelewa namna hii, na mimi nikajibu kwa hasira, "Muulizeni mwenyewe, ni mkaidi." Alikuwa amelala pale, anasikia.

Mjukuu wangu akafika ukurasa wa mwisho. Alisema: Kama ningesema, mama angetibiwa mapema. Sikusema wakati ulipokuwepo, kwa hiyo sasa kusema hakuna faida.

Akafunga daftari. Akanisubiri. Alikuwa na miaka kumi na tatu, miguu imemzidi urefu wa sketi, na alinisubiri pale uani.

Nikamwambia, "Ukindu unakolea sana. Nisaidie kuutoa."

Ndivyo nilivyosema. Nimeyaandika hapa kama nilivyoyasema. Akainama akanisaidia.

Hatukuzungumza habari hiyo tena. Mimi nilikuwa nangoja maneno yaje, na maneno hayakuja, kwa sababu katika maisha yangu yote sikuwahi kuyafanyia nafasi. Yeye akarudi kuwa ndiyo, hapana, asante Haboba. Ijumaa alinisemea kwa sauti ya mbu. Ukafika mtihani wa majaribio, ule wa kuwapima kabla ya mtihani mkubwa, na Madamu akaja nyumbani, safari hii akitembea polepole.

"Ameacha wazi, Jjajja. Karibu yote. Mtihani wenyewe umebaki wiki chache." Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Alikusomea?"

"Alinisomea."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

Madamu akatazama beseni, akatazama ukuta, tabaga zangu zote zimepangwa pale hazina kosa hata moja. "Basi alipata jibu," akasema. Akaaga.

Nilikaa na neno hilo siku nne. Nilijaribu kumwita asubuhi, nikaishia kumtuma sukari. Nilijaribu tukiwa tunachambua mchele, nikaishia kumwambia anakaa vibaya. Nyumbani kwangu ulimi ulishazoea njia moja. Ikafika Ijumaa.

Darasani watoto walikuwa wametoa kazi zao tayari. Nikasema, "Waambie leo hatusuki." Akawaambia. Yule msichana mnene, ambaye sasa mkono wake ulikuwa umekuwa mzuri kuliko wote, akasema, "Jjajja, mimi nilibakiza kidogo tu nimalize!" Nikamwambia atamaliza, akae.

"Waambie nilikuwa na binti."

Mjukuu wangu akanitazama upande. Akawaambia.

"Waambie alikosea jambo, nikamwita mbele ya watu nikamwaibisha, na tangu hapo akaniogopa. Akapata ugonjwa akauficha, kwa kuniogopa mimi, mpaka ukamuua."

Madamu alikuwa nyuma kule, ameegemea kabati, hakusogea. Mjukuu wangu akasema kwa Luganda, "Jjajja anasema alikuwa na binti, akaumwa, akafariki. Anasikitika sana."

Ilikuwa ile ile. Ananifunika, kama alivyomfunika yule mwenzake siku ya kuku.

"Sivyo nilivyosema," nikamwambia. "Leo usinipunguzie. Sema kama nilivyosema."

"Haboba, hawa ni watoto."

"Hata wewe ulikuwa mtoto. Sema."

Akasema. Yote, bila kupunguza. Niliyasikia makosa yangu kwa Luganda, kutoka mdomo wa mjukuu wangu, mbele ya watoto ambao hata pua zao hawajajua kufuta vizuri, na hakuna aliyecheka. Nikashika meza.

"Waambie kulikuwa na mtoto mdogo aliyejua, na mama yake alimwambia asiseme. Alifanya alivyoambiwa na mama yake. Waambie mtoto huyo hana kosa. Kosa ni la bibi aliyejifanya wa kuogopwa."

Alifungua mdomo, akafunga. Nikaona mkono wake unashika sketi. Nikadhani nimemvunja tena, na kwamba mimi sina ninachogusa kikapona. Kisha akanyoosha shingo. Hakusema mtoto huyo. Akasema, "Nze sirina musango." Mimi sina kosa. Akalisema mara moja tu, si kwa sauti kubwa, akiwatazama wenzake.

Hilo sikumsahihisha.

Yule msichana mnene akainua mkono, akauliza kwa upole, "Sasa tunaweza kusuka?" Nikasema, sukeni. Mjukuu wangu akakaa naye benchi moja, na niliposogea nikawakuta wameinamia mzunguko mmoja, vichwa vimegusana, mmoja analia na mwingine anamshikia ukindu.

Mtihani aliufanya. Aliniambia alijibu yote, na kwamba lipo swali moja la hesabu ambalo ana hakika amekosea, akacheka. Alifaulu, si kwa juu sana, kwa kutosha. Sasa yuko shule ya bweni, mbali kidogo na mji. Siku namsindikiza aliniambia nisimpangie nguo ndani ya sanduku, atapanga mwenyewe, na kwamba nisimseme mbele ya wenzake nikija siku ya wazazi. "Kama una neno, niite pembeni." Nikasema sawa. Mimi nikasema sawa.

Nyumba imekuwa kubwa. Kabla ya kuondoka alikuwa amebakiza tabaga aliyoianza mwenyewe, na kwenye mzunguko wa kumi aliweka kijani mahali pa zambarau. Nilipoliona kosa hilo nilikwenda kuleta kiwembe, miguu ilikwenda yenyewe. Akaweka kiganja juu. "Liache, Haboba. Nitaendelea nalo." Nikamwambia ua litapinda. Akasema lipinde. Limepinda kweli. Ndiyo tabaga ninayofunikia chakula changu, sahani moja.

Ijumaa bado nakwenda. Sina tena wa kunisemea, kwa hiyo nakisema Luganda mwenyewe, kama kinavyotoka, na watoto wanacheka mpaka wanaanguka, halafu wananirekebisha. Madamu anasema makosa yangu yanawapa moyo. Nimemwambia hajanisifu.

Mwezi uliopita nilikwenda makaburini kwa binti yangu. Huwa nakwenda kila mwaka, nasoma dua, napangusa majani, narudi. Safari hii nilikaa chini. Palikuwa na maneno ya kumwambia, yale yale niliyoyasema darasani, maana watoto wa watu wote waliyasikia na yeye ndiye hakuyasikia. Nikatazama upande, kwa mazoea, nikimtafuta wa kunisemea. Hapakuwa na mtu. Nikaanza mwenyewe. Nilianza vibaya, nikakwama, nikaendelea.